Muda wa Nuru katika Historia ya Picha

Waandishi wa historia ya picha wameeleza sana habari za lenzi na dawa, na habari za muda wamezigusa kidogo tu. Picha ya kamera iliyo kongwe kuliko zote zilizobakia, aliyoipata Nicéphore Niépce huko Ufaransa mnamo mwaka 1826 au 1827, ilihitaji saa nyingi za mwanga wa jua. Mwaka 1838 Louis Daguerre alielekeza kamera yake kwenye Boulevard du Temple, mjini Paris. Njia hiyo ilikuwa na watu na magari ya farasi. Lakini kwa kuwa nuru iliingia kwa dakika kadhaa, wapitao hawakuacha alama. Alionekana dhahiri mtu mmoja tu, aliyesimama kusafishiwa viatu.

Filimu namba 120, ambayo Kodak waliitoa mwaka 1901 na ingali ikitumika, yakaribia upana wa sentimita 6. Mwenye kuitumia usiku huiweka kamera juu ya kiweko cha miguu mitatu, akakiacha kilango chake wazi. Hapo hukutana na kanuni aliyoichunguza Karl Schwarzschild mwishoni mwa karne ya 19, alipopima nuru ya nyota mjini Vienna: nuru hafifu ya muda mrefu haifanyi kazi sawa na nuru kali ya muda mfupi, ijapokuwa jumla yake ni moja. Kipimo kikionyesha sekunde 10, baadhi ya filimu hudai 20 au zaidi.

Je, neno kupiga lafaa kwa kazi ya polepole namna hii? Msomaji aweza kudhani kwamba lataka tendo la ghafula. Lakini twasema pia kupiga pasi, kupiga deki na kupiga kambi, na kambi yaweza kudumu mwezi mzima. Basi lugha yetu haikuifunga picha katika kufumba na kufumbua.

Jambo hili lamhusu mwanahistoria. Akiona katika picha ya kale njia tupu, asikate shauri kwamba mji ulikuwa mtupu. Na aulize kwanza kilango kilikaa wazi kwa muda gani; maana picha hiyo yashuhudia waliotulia, na waliokuwa mbioni kutafuta riziki haiwataji.