Umekipata Wapi? Jirani na Soko katika Mji wa Unguja

Katika mji wa Unguja, kitu kipya kilichoingia nyumbani kilikuwa hakimalizi siku bila ya kuulizwa. Kikiwa mkeka, au birika la kahawa, au mchele uliotoka jikoni ukichambuka punje punje, jirani aliyekuja kuamkia alimaliza salamu, akapokea kikombe chake, kisha akauliza: "Umekipata wapi?" Wageni wengi walilichukulia swali hili kuwa ni udaku. Kwa hakika lilikuwa nusu ya soko. Nusu nyingine ndiyo iliyokuwa na mizani na paa, na ndiyo iliyoandikwa katika hesabu za serikali.

Chanzo chake ni namna watu walivyoishi. Katika karne ya 19 bibi wa nyumba ya heshima hakwenda dukani mchana. Aliyekwenda ni mtumwa, au mtoto, au mume asiyejua samli safi na iliyochanganywa. Bibi alinunua kwa masikio: alijua duka la nani lina mchele usio na mawe bila ya kuwahi kukanyaga mlangoni pake. Alinunua kwa macho pia, lakini kwa macho ya kutembeleana. Sayyida Salma binti Said, aliyekuja kuitwa Emily Ruete, ameeleza katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, jinsi kuta za majumba ya Unguja zilivyokatwa zidaka, na ndani ya zidaka kupangwa sahani za kaure, bilauri, vioo na saa. Pambo lile lilikuwa heshima ya mwenye nyumba, na lilikuwa tangazo vilevile. Mgeni aliyekaa kitako nusu saa aliondoka akijua sahani za namna gani zimeingia mjini, nani kaziuza, na kwa reale ngapi.

Elimu hiyo haikuwa ya bure bure. Mwezi wa Januari 1871 Henry Morton Stanley alifika Unguja kujitayarisha kwenda bara kumtafuta Livingstone. Alivisoma vitabu vya waliomtangulia asipate ndani yake jibu la jambo dogo: anunue nguo kiasi gani, na ushanga wa rangi ipi? Ilimbidi awaendee wafanyabiashara wa mji, akiwamo Sheikh Hashid, naye akaambiwa kwamba doti 10 za nguo kwa siku zatosha chakula cha watu 100. Akaambiwa pia kwamba ushanga mwekundu, samisami, utapokewa Unyamwezi pale ambapo namna nyingine zote zitakataliwa; kwamba ule mweusi ni fedha Ugogo, na kwingineko haununui hata yai. Anayechagua hapa ni mnunuzi wa bara, ambaye ladha yake ilisafiri na wapagazi mpaka barazani Unguja, na kutoka hapo ikaamuru kipi kiagizwe Bombay na Ulaya. Habari zilizompitia Sheikh Hashid zilikuwa na asili moja na zile za bibi wa nyumbani.

Kila mwaka kaskazi ilipovuma, majahazi ya Ghuba yalileta tende, papa, mazulia na mabirika. Si shehena ya nahodha peke yake iliyouzwa. Baharia naye alikuwa na sanduku lake. Alan Villiers, Mwaustralia aliyesafiri katika jahazi la Kuwait msimu wa 1938 na 1939, chini ya nahodha Ali bin Nasir al-Nejdi, aliwaona mabaharia wakifanya biashara yao ndogo bandari kwa bandari. Biashara ya namna hiyo haina duka wala kibao. Mwenye shida ya zulia alihitaji kujua jahazi gani limetia nanga, na sanduku la nani lifunguliwe kwanza. Hayo aliyapata kwa jirani mwenye jamaa Malindi au Funguni, na aliyachukua upesi, maana kusi haingoji mtu.

Hata soko la Darajani lilipojengwa mwaka 1904, likiitwa kwanza Estella, karibu na daraja la hori lililotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, paa lake halikuondoa haja ya kuulizana. Liliizidisha. Sasa walikuwapo wauzaji wengi mahali pamoja, na pishi ya huyu haikuwa pishi ya yule: kuna aliyejaza kibaba mpaka kikafanya kilele, na kuna aliyekipangusa kwa kiganja kana kwamba anafuta machozi. Zaidi ya hayo kulikuwa na mkopo. Mwenye duka aliyeandika deni katika daftari alitaka kujua anamwandika nani, na neno "mwambie nimekutuma mimi" lilikuwa dhamana. Aliyemwelekeza jirani yake dukani alitia jina lake rehani. Ndiyo maana si kila mtu alielekezwa. (Mvinyo haumo katika maelezo haya, kwa kuwa ulikuwa bidhaa ya maduka ya Wagoa, wateja wake mabalozi, maofisa na Wakristo wa mjini, kama kulikuwa na barazani waliopashana habari zake, walipashana kwa sauti ya chini.)

Serikali iliingia baina ya jirani na jirani kwa mara ya kwanza wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Wajapani walipoiteka Burma mwaka 1942, mchele ukapungua, na mgao ukapangwa kwa kufuata asili ya mtu. Watu wa uchochoro mmoja, walioazimana chumvi, wakajikuta wana haki tofauti mbele ya gunia moja. Kumwambia mwenzako mchele uko wapi hakukumfaa kitu ikiwa haukuandikwa kwa ajili yake.

Lakini kipindi kilicholijaribu swali lile kuliko vyote kilikuja baada ya Mapinduzi ya 1964. Biashara ya nje ilishikwa na dola, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Serikali ya Mzee Karume ilipunguza uingizaji wa chakula ili visiwa vijilishe. Karafuu iliuzwa nje, akiba ya fedha za kigeni ikawa kubwa, na rafu za maduka zikawa tupu. Mchele, sukari na unga vikaja kwa mgao na kwa foleni. Katika hali hiyo habari ya duka ilikuwa chakula chenyewe. Anayeambiwa alfajiri kwamba unga umeshushwa alipata. Anayeambiwa saa nne alikuta sakafu imefagiliwa. Mama aliyesikia mapema alikuwa na hesabu ngumu ya kufanya kabla ya kutoka: amgongee nani? Kila mlango aliougonga ulirefusha foleni mbele ya watoto wake.

Tena kulikuwa na hofu. Karafuu za Pemba zilivushwa kwa magendo kwenda Kenya, na adhabu yake iliwekwa kuwa kifo. Usiku uleule uliopeleka karafuu ulirudisha nguo na sabuni. Mitaani walikuwamo watu wa usalama wenye masikio, na haikujulikana daima ni akina nani. Basi mwanamke aliyevaa kanga mpya hakuulizwa kaipata wapi. Kuuliza kulikuwa kama kumtaka akiri, na kujibu kulikuwa kama kumshitaki aliyemletea. Harufu ya samli ilipita ukutani kama ipitavyo siku zote, na jirani alijifanya ana mafua. Huo ndio uliokuwa msiba wa zama zile, ambao wanaoandika historia ya uhaba kwa kuhesabu magunia hawaugusi: watu walioishi ukuta kwa ukuta walijifunza adabu mpya, ya kutouliza.

Mwaka 1984 Mzee Jumbe alijiuzulu, Ali Hassan Mwinyi akashika urais wa Zanzibar, na milango ya biashara ikafunguliwa. Bidhaa za Dubai zikajaa Darajani na Mlandege, hata watu wa Dar es Salaam wakawa wanavuka bahari kuja kununua. Swali lilirudi vinywani upesi, kama mtu aliyekuwa safarini. Safari hii, hata hivyo, lilielekezwa pia kwenye vitu vya kale. Makasha ya njumu, samadari, saa za ukutani na sahani za zidaka, ambavyo baadhi yake viliachwa au kuuzwa kwa bei ya kutupa na walioondoka baada ya 1964, vilianza kutafutwa na watalii, na zaidi baada ya UNESCO kuuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Kijana aliyekuja kuamkia alipokwisha kunywa kahawa yake aliinua macho ukutani, akauliza ile saa ilipatikana wapi, na kama ina mwenzake. Nje, kwenye pembe ya uchochoro, dalali alikuwa akimsubiri.