Kutoka Darajani hadi Mkunazini kwa Miguu

Bibi harusi akija mjini kununua kanga na udi, huanzia Darajani. Nasi tulianzia hapo, tukaingia vichochoro vya Mji Mkongwe, na baada ya dakika chache tu tukafika Mkunazini. Hapa palikuwa na soko la watumwa hadi mwaka 1873, Sayyid Barghash alipotia saini mkataba wa kulifunga. Leo zipo sanamu shimoni, shingo zimefungwa minyororo. Tulinyamaza. Wanawake waliuzwa hapa, na bei yao ikaingia mfuko wa mwengine. Mahari ni haki yako mwenyewe, na ridhaa yako huulizwa. Wao hawakuulizwa. Ukipita na mifuko yako ya harusi, simama kidogo uwakumbuke.