Usemi na Akili katika Historia ya Skilerosi ya Mabaka

Maradhi yaitwayo skilerosi ya mabaka yalipata umbo lake katika elimu ya utabibu mwaka wa 1868, kwa kazi ya Jean-Martin Charcot, tabibu wa Hospitali ya Salpêtrière mjini Paris. Kabla yake, Robert Carswell na Jean Cruveilhier walikwisha kuchora mabaka waliyoyaona katika maiti. Charcot ndiye aliyeyaunganisha kwa utaratibu na dalili za mgonjwa aliye hai. Jina lenyewe latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya ugumu. Mabaka hayo hutokea katika ubongo na uti wa mgongo, pale iharibikapo ala ya mafuta ifunikayo nyuzi za fahamu, hata habari zikapita polepole au zikakatika njiani.

Charcot alitaja dalili tatu zilizopata kujulikana sana: macho kuchezacheza, mkono kutetemeka unyooshwapo kushika kitu, na usemi wa kuvuta maneno silabi kwa silabi. Usemi huo ni kasoro ya kuiongoza misuli ya kutamkia. Si dalili ya upungufu wa fikira. Lakini katika mihadhara yake Charcot aliongeza jambo jingine: kwamba kumbukumbu ya wagonjwa wengi hudhoofika, na mawazo yao hujengeka polepole. Dalili tatu zilishikwa na wanafunzi. Neno hili la nne likasahauliwa na wengi.

Mwaka wa 1926 Cottrell na Wilson, matabibu wa Uingereza, walitoa habari za wagonjwa 100 waliowahoji. Walisisitiza furaha isiyolingana na hali ya mgonjwa, na wakaona kwamba walioharibika akili ni wachache mno. Kwa miaka mingi baadaye ilishikwa kwamba maradhi haya huudhoofisha mwili na kuiacha akili salama. Sababu yake si ngumu kuiona. Mgonjwa aliyeulizwa habari zake alijibu sawasawa, kwa sarufi timamu na msamiati wa kutosha. Na aliyesema vema alidhaniwa kuwa afikiri vema.

Ushahidi wa kinyume ulitoka kwanza katika ubongo wenyewe. Mwaka wa 1962 Brownell na Hughes walichunguza bongo 22, wakahesabu mabaka zaidi ya 1,500. Kiasi cha robo yalikuwa ndani ya sehemu za kijivu au mpakani mwake, si katika sehemu nyeupe peke yake. Tangu mwaka wa 1981, picha zipigwazo kwa nguvu za sumaku zimewezesha mabaka kuonekana kwa mtu aliye hai. Mwaka wa 1989 Stephen Rao na wenzake, wa Milwaukee huko Marekani, walionyesha kwamba kadiri eneo la mabaka lilivyokuwa kubwa, ndivyo upungufu wa akili ulivyozidi.

Mwaka wa 1991 wataalamu hao waliwapima wagonjwa 100 na watu wazima wa afya 100. Wagonjwa 48 walionekana kuwa na upungufu, na wasio wagonjwa 5 tu. Kwa msomi wa lugha, mpangilio wa matokeo ndio wenye mafunzo. Lugha kwa jumla haikuguswa sana. Kilichopungua ni kumbukumbu ya mambo mapya, uangalifu wa muda mrefu, na wepesi wa kuyatafuta maneno mgonjwa atakiwapo kuyataja mengi kwa muda mfupi. Hazina ya maneno ipo. Mwendo wa kuifikia ndio uliochelewa.

Basi usemi ulipotosha kwa pande mbili. Aliyevuta silabi aliweza kudhaniwa mpungufu wa akili, naye ni mzima; aliyesema kwa ufasaha alihesabiwa mzima, naye amepungukiwa. Huyu wa pili ndiye aliyepata hasara isiyo na jina, kwani utafiti wa 1991 ulionyesha pia kwamba wenye upungufu huo walikuwa nadra zaidi kuwa kazini, hata walipolinganishwa na wagonjwa wenzao ambao miili yao ilikuwa dhaifu vilevile. Kwa kukosa kupimwa, ugonjwa wake waweza kuitwa uvivu. Ufasaha ni ushahidi wa lugha. Kasi ya fikira yahitaji kipimo chake yenyewe.