Mwiko wa Ndugu kwenye Ufuko wa Tanganyika

Kijana wa Kibembe wa Makobola, huku Fizi, mashariki mwa Kongo, akitaja nyumbani jina la msichana aliyempenda, wazee hawaanzi na uzuri wake wala shule aliyosoma. Wanauliza ni wa ukoo gani, na mama yake katokea kwa nani. Wakikuta damu moja upande wa baba, posa inaishia hapo, hata kama babu wanayechangia alizikwa zamani na vijana wenyewe wamefahamiana juzi tu. Sheria ya nchi haifiki mbali hivyo. Kanuni ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987 inakataza ndoa kati ya wazazi na watoto wao, na kati ya kaka na dada. Kwa ndugu wengine inaiachia mila iseme.

Basi kuna miiko miwili ndani ya mmoja: ule wa watoto wa nyumba moja, na ule wa ukoo mzima. Naamini haikutoka mahali pamoja.

Juu ya ule wa kwanza wataalamu wamebishana zaidi ya miaka mia. Mwaka 1891 Edward Westermarck wa Finland aliandika kwamba watu waliokua pamoja tangu uchanga hawatamaniani wakifikia utu uzima. Katika kitabu chake kuhusu chimbuko la maadili, kilichoanza kutoka mwaka 1906, aliendelea: karaha hiyo ya mtu mmoja, ikihisiwa na kijiji kizima, inageuka hukumu, na kosa la jirani linatuudhi kana kwamba limetugusa sisi. James Frazer akampinga mwaka 1910: kama maumbile yenyewe yanakataa, katazo la nini? Sigmund Freud akaishika hoja hiyo mwaka 1913, akasema katazo lipo kwa sababu tamaa ipo, na kwamba dhamiri ya mwanadamu ilizaliwa katika kuizuia.

Ushahidi uliokuja baadaye umemwegemea Westermarck. Huko Taiwan, Arthur Wolf alifuatilia wasichana waliochukuliwa wachanga na kulelewa pamoja na wachumba wao: ndoa hizo zilipata watoto wachache na zilivunjika zaidi kuliko nyingine. Mwaka 1971 Joseph Shepher alichunguza ndoa 2,769 za watu waliokulia katika vijiji vya ujamaa vya Israeli. Hakukuta hata moja ya watu waliolelewa pamoja mfululizo katika kundi moja la watoto tangu kuzaliwa hadi miaka sita.

Ushahidi mwingine uko ng'ambo ya ziwa letu wenyewe. Huko Gombe, kaskazini ya Kigoma, Jane Goodall alianza kuwafuatilia sokwe mwaka 1960. Jike aliyemwita Flo alipokuwa katika joto aliandamwa na madume wengi, lakini wanawe wakubwa, Faben na Figan, hawakumpanda. Katika Mahale, upande huohuo wa ziwa, ambako Toshisada Nishida alianza kazi mwaka 1965, majike karibu wote huhama kundi lao wakishabalehe. Hakuna mzee anayewakataza.

Mwaka 2007 Debra Lieberman na wenzake walionyesha akili ya mtoto inasoma nini ili kumtambua ndugu: kumwona mama yake akimtunza mtoto mchanga, na miaka ya kuishi pamoja. Kwenye viwanja vya nyumba zetu, ambako dada humbeba mdogo wake mgongoni kutwa nzima, mafunzo hayo hayahitaji maneno.

Ukoo ndio unaohitaji maneno. Mwili hauwezi kumtambua binti wa ukoo wako aliyekulia Baraka au Mboko. Jean Piaget alieleza mwaka 1932 kwamba mtoto mdogo huipokea amri kama kitu cha wakubwa kisichogusika, kisha polepole, akicheza na wenzake, anaielewa kuwa ni mapatano. Babembe wana mahali pa mapatano hayo: lubunga, baraza la wanaume, ambako nasaba husemwa na kesi hukatwa. Wana pia bwami, chama cha kuingizwa kwa daraja, pamoja na jirani zao Balega, ambao Daniel Biebuyck aliandika kitabu juu yao mwaka 1973. Humo aliyeingizwa hufundishwa uadilifu kwa methali, ngoma na sanamu ndogo za mti na pembe za ndovu, daraja baada ya daraja, hadi uzeeni. Ni shule ya maadili isiyodhani kwamba mtu amekomaa kwa kuota ndevu tu, na kwa hilo naiheshimu sana.

Shule hiyo imeumizwa. Kuanzia tarehe 30 Desemba 1998 hadi 2 Januari 1999, katika Makobola na vijiji vya jirani waliuawa watu zaidi ya 800, kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010. Wengine walivuka ziwa hadi Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa Kigoma mwaka 1996. Kambini watoto wasio wa damu moja wanalelewa kama ndugu, na akili zao zitawahesabu hivyo bila madhara. Hatari ni kwa ndugu waliotenganishwa wachanga, mmoja akabaki Fizi na mwingine akavushwa ziwa. Wakikutana vijana, ile karaha ya Westermarck haitakuwepo. Kwao ulinzi pekee ni mzee anayeikumbuka nasaba na kuwatajia, na baadhi ya wazee hao walikuwa miongoni mwa waliouawa.