Estes Park na Gharika Zake Tatu

Katika jimbo la Colorado, nchini Marekani, upo mji mdogo uitwao Estes Park, uliokaa katika bonde lililozungukwa na Milima ya Rocky, kimo cha futi 7,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa hesabu ya mwaka 2020 wenyeji wake hawakufika 6,000, walakini kila kiangazi wageni huwapita wenyeji kwa wingi, maana mji huu ni mlango wa mashariki wa Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain iliyoanzishwa mwaka 1915. Joel Estes, ambaye jina la mji linatokana naye, aliliona bonde hilo mwaka 1859 akakaa humo na mifugo yake, kisha baridi ikamfukuza mwaka 1866. Waliomfuata hawakuja kwa mifugo bali kwa hewa safi, na tangu F. O. Stanley alipofungua hoteli yake kubwa mwaka 1909 riziki ya mji imekuwa ni miezi ya jua.

Neno kiangazi laweza kumdanganya msomaji wa Kiswahili. Kwa mtu wa pwani ya Afrika ya Mashariki kiangazi ni majira ya ukavu, wakati ambapo fundi huezua paa bila ya kutazama mawingu. Kiangazi cha milima ile sivyo kilivyo. Theluji ya vilele huyeyuka mwezi wa Mei na Juni na kuijaza mito. Na baada yake, mwezi wa Julai na Agosti, unyevu hupanda kutoka kusini. Asubuhi mbingu huwa nyeupe, adhuhuri mawingu hujikusanya juu ya vilele, na alasiri radi hupiga. Aghalabu mambo huishia hapo, kwa kuwa upepo wa juu huyasukuma mawingu kuelekea nyanda za mashariki, na mvua ikagawanyika juu ya nchi pana. Hatari ni ile siku moja ambayo upepo wa juu hulegea.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, tarehe 31 Julai, 1976. Kesho yake Colorado ilikuwa itimize miaka 100 tangu kuwa jimbo, na watu elfu kadhaa walikuwa wamejaa katika korongo la mto Big Thompson, wengine katika mahema, wengine katika nyumba za kupanga kando ya maji. Mto huo huanza ndani ya hifadhi, hupita Estes Park, kisha huteremka katika korongo jembamba mpaka kwenye tambarare ya Loveland, nao hushuka karibu futi 2,500 katika mwendo huo. Jioni ile upepo wa mashariki uliisukuma hewa yenye unyevu mwingi ikapanda miteremko, na upepo wa juu haukuwa na nguvu ya kuliondoa wingu lililozaliwa. Kuanzia kiasi cha saa kumi na mbili na nusu wingu lilisimama mahali pamoja, chini kidogo ya mji, likamwaga. Kwa muda wa saa nne hivi, mahali palipopata zaidi palinyeshewa inchi 12, kipimo kinachokaribia mvua ya mwaka mzima katika nchi ile kavu. Miteremko ni ya mwamba na udongo wake ni haba. Maji hayakuwa na pa kuzama.

Wahenga wa Kiswahili walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Katika korongo lile dalili haikuwafikia waliohitaji kuiona. Waliokuwa upande wa chini, karibu na mdomo wa korongo, hawakunyeshewa kwa kiasi cha kuwatia hofu, na kuta za mwamba zilikuwa zimewafunika mbingu. Askari polisi waliingia kuwaonya. Baadhi ya watu walicheka, kwa maana mto waliokuwa wakiutazama ulikuwa uleule wa jana. Askari wawili walikufa katika kazi hiyo. Kabla ya saa nne ya usiku maji yalifika mdomoni mwa korongo, ukuta wa maji wa kimo cha futi 19 hivi, yakivunja hata bomba kubwa la chuma lililovuka mto na kupeleka maji mashambani. Watu 144 waliangamia, na nyumba zaidi ya 400 zikabomolewa.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni namna watu walivyokufa. Wengi walifikwa ndani ya magari yao, wakijaribu kushindana mbio na mto katika barabara iliyojengwa kando ya mto huohuo, ilhali waliopanda mteremko kwa miguu, hata hatua chache tu, aghalabu waliokoka. Ndiyo maana serikali ilisimamisha vibao katika makorongo ya Colorado vinavyomwamuru msafiri apande juu maji yanapokuja. Wilaya ya Larimer nayo ilikataza nyumba nyingi zilizoharibiwa zisijengwe tena ukingoni, ikanunua viwanja na kuvifanya mahali pa kupumzikia. Uamuzi huo uliwaudhi wenye mali, na haukuwa mwepesi kwa mtu aliyekwisha poteza nyumba kuambiwa kwamba amepoteza na kiwanja. Lakini kati ya yote yaliyotendwa baada ya gharika, huenda huo ndio uliokuwa na maana zaidi.

Mji wenyewe ulisalimika usiku ule. Mvua kubwa ilinyesha chini ya bwawa la Olympus, lililomalizika mwaka 1949 kwenye ukingo wa mashariki wa mji, na waliolala juu ya bwawa walipata habari kama wanavyopata habari za jirani. Yamkini hapo ndipo kosa la fikira lilipoanza, kudhani kwamba gharika ni mambo ya korongo na ya wingu la jioni.

Tarehe 15 Julai, 1982, kulikucha bila wingu. Katika kimo cha karibu futi 11,000, ndani ya hifadhi, lilikuwapo ziwa dogo la Lawn Lake ambalo wakulima wa tambarare walikuwa wameliongezea kina mwaka 1903 kwa ukuta wa udongo, ili wapate maji ya kumwagilia mashamba. Ukuta ulikuwa mkubwa kwa umri kuliko hifadhi yenyewe. Chini yake lilipita bomba la kutolea maji, na kiungo cha bomba hilo kililegea kwa uzee. Maji yakapenya, yakaula udongo kutoka ndani, na alfajiri ukuta ukapasuka. Maji yalishuka kwa mto Roaring River yaking'oa miti na mawe. Mtu mmoja mwenye kazi ya kukusanya takataka alisikia ngurumo, akaona, akakimbilia simu. Kwa onyo lake watu wengi waliondoka. Hata hivyo watatu walikufa, mmoja aliyepiga hema kando ya Roaring River na wawili katika kambi ya Aspenglen. Zaidi ya saa mbili baada ya ukuta kupasuka, maji ya matope yalipita katika barabara kuu ya Estes Park, ndani ya maduka yenye kuuza kumbukumbu kwa wageni. Safari hii bwawa la Olympus liliyapokea yote, na korongo la chini likapona.

Gharika ya tatu haikuwa na haraka. Kalenda ya nchi ile huhesabu kiangazi mpaka karibu na tarehe 22 Septemba, na mwaka 2013, kuanzia tarehe 9 ya mwezi huo, mvua ilinyesha kwa siku kadhaa bila ya radi nyingi, mvua ya namna ambayo mtu wa masika angeitambua mara moja. Barabara zote mbili kuu za kuteremka tambarare, namba 34 na namba 36, zilikatika. Njia ya magari iliyotegemewa ilikuwa ni ile ya Trail Ridge, ipandayo mpaka futi 12,183 na kufungwa kila mwaka theluji inapoanza. Kwa hiyo mashaka ya mji yalikuwa ni yatakayotokea kabla ya majira ya baridi. Bonde la Fish Creek lilichimbwa pamoja na mabomba ya maji machafu, na baadhi ya wakazi wakakatazwa kutumia vyoo vyao. Wahandisi wa jeshi na makandarasi walizifungua barabara zote mbili mwezi wa Novemba. Katika korongo la Big Thompson walikufa wawili, ambapo mwaka 1976 walikufa 144. Tofauti hiyo kwa sehemu ni ya mvua iliyotoa muda wa kuonya, na kwa sehemu ni ya viwanja vile vilivyokatazwa.

Tangu mwaka 2020 pameongezeka jambo jingine. Mwezi wa Oktoba wa mwaka huo moto wa East Troublesome uliruka mgongo wa milima, na wakazi wa Estes Park wakahamishwa. Ardhi iliyoungua hukataa maji kwa miaka kadhaa, na mvua ya nusu saa huweza kufanya kazi ya mvua ya siku nzima.

Mahali Roaring River ilipotua mwaka 1982 liliachwa tandazo la mchanga na majabali, eka 42 kwa upana, na watalii wakawa wakienda kulitazama. Ilijengwa njia na daraja la miguu kwa ajili yao. Mwezi wa Septemba 2013 mto ulirudi katika tandazo lake, ukalichukua daraja.