Schliemann, mama Lomb na hofu yetu ya kuchapia

Ngoja nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka michache iliyopita, nikiwa bado mgeni kwenye kazi hii, nilitumwa kwenye mkutano na waandishi wa habari katika hoteli moja hapa Dar es Salaam. Mzungumzaji alikuwa mtaalamu wa uvuvi kutoka nje. Nilikuwa na swali zuri, tena nimeliandika kabisa kwenye daftari. Ulipofika wakati wa maswali, mkono ukagoma kunyooka. Nikaanza kulipanga upya kichwani: hiki kitenzi kiende wakati uliopita au uliopo? Kabla sijapata jibu, mkutano ukafungwa.

Kesho yake gazeti la washindani wetu lilikuwa na habari ileile niliyotaka kuiulizia, ukurasa wa mbele. Mhariri wangu akaniuliza jambo moja tu: "Hivi wewe ulikuwepo?"

Nilikuwepo. Na shahada nilikuwa nayo.

Sasa jiulize, ndugu msomaji, mtu aliyesoma Kiingereza tangu shule ya msingi mpaka chuo kikuu anaogopa nini? Jibu unalijua. Anaogopa kuchapia. Anaogopa kile kicheko cha wenzake, maana wapo watu ambao hawana sentensi hata moja ya kwao lakini ya kwako wataisahihisha mbele za watu.

Hofu hii ina historia. Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa Kenya aliyefariki mwaka 2025, aliieleza katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986. Anasema baada ya hali ya hatari kutangazwa Kenya mwaka 1952 na shule za kwao kuchukuliwa na serikali ya kikoloni, mtoto aliyekamatwa akizungumza Kigikuyu shuleni alichapwa, au alivishwa kibao shingoni kinachomwita mjinga au punda. Kulikuwa pia na kifungo kama cha shati. Anapewa mtoto mmoja, naye anampa atakayemsikia akisema lugha ya nyumbani, huyo anampa mwingine, na jioni mlolongo mzima unafichuka. Yaani watoto wanafundishwa lugha na kusalitiana kwa wakati mmoja.

Nilikosoma mimi hakukuwa na kibao cha punda. Kulikuwa na fimbo na vicheko. Vilitosha.

Lakini je, hii ndiyo njia pekee ambayo binadamu wamejifunzia lugha za watu? Hapana. Naomba tusafiri kidogo, twende Amsterdam, miaka ya 1840.

Huko alikuwepo kijana wa Kijerumani aitwaye Heinrich Schliemann, aliyezaliwa mwaka 1822. Baba yake alikuwa mchungaji, lakini fedha haikuwepo, na Heinrich aliacha shule akauza dukani. Mwaka 1841 akapanda meli kwenda Venezuela kutafuta maisha. Meli ikavunjikia pwani ya Uholanzi. Hivyo akajikuta Amsterdam, tarishi wa ofisi, mtu wa kupeleka barua na kupokea barua.

Hakuwa na muda wala hela ya kukaa darasani. Alichofanya, kwa maelezo yake mwenyewe, ni hiki. Alisoma Kiingereza kwa sauti kila siku. Hakujishughulisha na kutafsiri. Aliandika insha fupi juu ya mambo aliyoyapenda, zikasahihishwa na mwalimu, akazikariri. Jumapili alikwenda mara mbili kwenye kanisa la Waingereza, na mhubiri akisema neno, yeye analirudia taratibu. Akitumwa, anabeba kitabu hata mvua ikinyesha. Akiwa kwenye foleni ya posta, anasoma. Kwa njia hiyo, anadai, alikariri riwaya nzima mbili, The Vicar of Wakefield na Ivanhoe.

Kisha akataka Kirusi. Hapo ndipo ninapompenda. Amsterdam hakupata mwalimu, akapata vitabu vya zamani tu na tafsiri mbovu ya hadithi ya Telemachus, ambayo tayari alikuwa ameisoma kwa Kifaransa. Akaona kusimulia peke yake ukutani hakunogi. Akamtafuta mzee mmoja maskini, Myahudi, akamlipa faranga nne kwa wiki aje kila jioni kwa saa mbili kumsikiliza. Mzee hajui Kirusi hata neno moja! Kazi yake ni kukaa na kusikiliza. Sakafu za nyumba zile zilikuwa nyembamba, sauti inapenya, wapangaji wakalalamika, na Schliemann akalazimika kuhama mara mbili. Baada ya wiki sita aliandika barua yake ya kwanza ya Kirusi ya kibiashara. Mwaka 1846 kampuni yake ikamtuma St. Petersburg kama wakala, na utajiri wake ukaanzia huko. Ndiye huyuhuyu aliyekuja kuchimba Troy miaka ya 1870.

Nikutahadharishe: watafiti wa maisha yake wamegundua kwamba Schliemann alipenda kutia chumvi anapojisimulia. Hizo wiki sita zipokee kwa tahadhari. Lakini kwamba alizijua lugha nyingi na kufanya biashara kwazo, hilo halina ubishi.

Wa pili ni mama wa Kihungari, Kató Lomb, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 2003. Alisomea sayansi mpaka shahada ya uzamivu, akamaliza wakati uchumi wa dunia umeanguka na kazi hakuna. (Wahitimu wenzangu, mnalijua hili.) Akaamua atafundisha Kiingereza, ingawa hakukijua. Akachukua riwaya ya Galsworthy, akaanza kuisoma bila kusimama kwenye kila neno gumu. Mwanzoni alikuwa anabahatisha, baadaye akawa anaelewa, mwishoni akawa anaburudika.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili akajifunza Kirusi. Hungari ilikuwa upande wa Ujerumani, na raia kukutwa na kitabu cha Kirusi ilikuwa balaa. Kwa hiyo alizificha kurasa za riwaya ya Gogol ndani ya kitabu kikubwa cha Kihungari, akawa anasoma kwenye handaki wakati mabomu yanaanguka juu. Mwaka 1945 jeshi la Kisovieti lilipoingia Budapest, mji ulihitaji mkalimani. Alikuwepo. Baadaye akawa miongoni mwa wakalimani wa mwanzo wa papo kwa papo, akafanya kazi kwa lugha zipatazo kumi na sita, na mwaka 1970 akaandika kitabu kuhusu njia zake. Humo ana hoja moja ninayoibeba kila siku: lugha ndicho kitu pekee ambacho hata ukikijua vibaya kina faida. Daktari wa nusunusu ataua mtu. Lakini anayeongea nusunusu ataomba maji na atanywa.

Hao wawili hawakutenga maisha pembeni wakajifunze lugha. Waliichomeka kwenye foleni, kwenye mvua, kwenye handaki. Walianza na hadithi wanayotaka kuimaliza. Na hawakumngoja mtu awape ruhusa ya kukosea.

Kama unadhani hayo ni ya Wazungu tu, nikuulize: nani alikufundisha maana ya "bolingo"? Hakuna shule ya Dar iliyofundisha Kilingala. Tulikipata kwa Franco na wenzake, redioni, baa, kwenye harusi na kwenye daladala. Hatukujua sarufi, tulikosea maneno, na hakuna aliyetucheka kwa sababu wote tulikuwa tunacheza. Kilingala kilikuja na gitaa, Kiingereza kikaja na fimbo.

Mimi sasa nimemuiga Schliemann kidogo. Mpira wa Ligi Kuu ya Uingereza nausikiliza kwa Kiingereza, nikimfuatisha mtangazaji kwa sauti. Usiku nasoma riwaya ya kipelelezi kwa sauti chumbani, na sitafuti kila neno kwenye kamusi. Jirani aliwahi kugonga kuniuliza nagombana na nani. Sijahamishwa bado.

Mwezi uliopita nilitumwa tena kwenye mkutano wa aina ile. Safari hii nilinyoosha mkono kabla sijalipanga swali. Nikachapia, tena vibaya, na nyuma yangu nikasikia mtu anacheka puani. Mgeni hakucheka. Aliniomba nirudie, nikarudia, akanijibu kwa dakika nzima, nami nikaandika.

Habari ilitoka ukurasa wa tano. Si haba.