Safu ya Lugha: Ukulele

Neno hili, ambalo kwalo watu wa Hawaii huiita ala yao ndogo ya nyuzi nne, aghalabu hufasiriwa kuwa ni kiroboto arukaye, kwa jinsi vidole vya mpigaji hodari virukavyo juu ya nyuzi pasipo kutua. Lakini ala yenyewe asili yake ni Madeira, kisiwa cha Wareno, ambako merikebu Ravenscrag iliwachukua mafundi Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo hadi Honolulu mwaka 1879, nao baadaye wakaichonga kwa mti wa koa. Mfalme Kalākaua wa Hawaii akaipenda, akaikaribisha katika dhifa zake. Basi, msomaji mpendwa, usiidharau kwa udogo wake: kwa tafsiri hiyo, jina hilo ni sifa ya ustadi wa mpigaji.